Kitambaa Nisichokiloweka

Kwetu Tororo mtu hakuulizwa kama mvua itanyesha. Aliulizwa itanguruma kutoka upande gani. Nimeishi miji mingine na nimesali katika misikiti mingi, lakini sijaona mahali ambapo mawingu hupiga kelele kama pale chini ya mwamba wetu. Kwa sababu hiyo wachezaji wetu wa mpira walikuwa na adabu yao ya radi, na mgeni aliyekuja kucheza kwetu tulimjua kwa kutazama miguu yake ngurumo ya kwanza ikilia.

Wageni walikimbia. Vijana wa Busia, upande wa Kenya, walianza kwa kutucheka kwamba tunaogopa ngoma isiyo na mpigaji. Umeme ukimulika mara ya pili, haohao walikuwa wamejazana chini ya mti mkubwa nyuma ya goli, mahali pabaya kuliko pote. Wachezaji wetu hawakukimbia. Umeme ulipomulika walihesabu kwa vidole mpaka ngurumo iwafikie, huku mpira ukiendelea kuchezwa. Vidole vikizidi mkono mmoja, hakuna neno. Vikiwa chini ya mkono mmoja, refa aliuchukua mpira akaukumbatia, na watazamaji wakapaza sauti: "Kipa kwanza!" Milingoti yetu ilikuwa ya mabomba ya chuma, kwa hiyo kipa alikuwa na haki ya kutoka kabla ya mtu mwingine. Walifuata wenye njumu za misumari, ambao walizivua na kuziacha palepale uwanjani. Kisha wote wakashuka kwenye bonde dogo kando ya uwanja wakachuchumaa, kila mtu peke yake. Aliyevaa kitu chekundu alikivua. Watu wa kwetu waliamini, na wengi wanaamini hadi leo, kwamba radi hupenda rangi nyekundu.

Mimi sikuamini hilo. Maalimu wangu wa chuo cha Kurani alitufundisha kwamba radi huenda inakotumwa na Aliyeiumba, wala haichagui nguo. Alitufundisha pia dua ya kusoma inaponguruma, na tangu utotoni sijaacha kuisoma. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba nilichokifanya baadaye sikukifanya kwa ujinga.

Nilikuwa fundi cherehani, na kibaraza changu kilitazama barabara ya soko. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, nilimlea mimi baada ya baba kufariki. Mchana alipakia magunia kwenye malori, na jioni alikuwa kipa wa timu ya mtaa wetu. Alikuwa na mikono mirefu na mdomo mrefu zaidi. Alizungumza na washambuliaji wa upande wa pili mchezo mzima, akiwauliza kama mama zao wanajua wako wapi, mpaka wanakosea shuti kwa hasira au kwa kicheko.

Hiyo ilikuwa miaka ya Serikali ya wanajeshi kwetu Uganda. Kambi ya jeshi nayo ilikuwa na timu, na nahodha wake alikuwa ofisa mmoja aliyeletwa kutoka mbali. Sitasema ametoka wapi, kwa maana watu wa huko hawana kosa. Alikuwa na kifua kipana na alipenda kionekane. Alivaa jezi namba tisa, na kila refa wa mji wetu alijua kwamba namba tisa haotei.

Siku timu yake ilipocheza na yetu, matokeo yalikuwa bila kwa bila mpaka mwisho ulipokaribia. Mawingu yalikuwa yamesimama juu ya mwamba tangu saa tisa. Refa alitoa penalti kwa kambi, ambayo haikuwa penalti, na papo hapo umeme ukamulika. Tukahesabu. Vidole vitatu. Refa akaukumbatia mpira, watu wakapaza sauti ile ya siku zote, na mdogo wangu akaanza kutoka golini.

"Wewe kipa! Nakwenda wapi?" ofisa akauliza.

"Afande, radi hiyo," mdogo wangu akasema, na kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki, akaongeza, "Ikipita nitarudi nikuzuilie, usijali."

Watu wakacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichotuponza. Ofisa alimpokonya refa mpira. Kando ya uwanja walisimama askari wake wanne wenye bunduki, akawaita kwa kidole, nao wakasogea.

"Radi ni ya Serikali gani?" akamuuliza mdogo wangu. "Mimi ndiyo naruhusu watu kutoka hapa. Rudi kwa goli."

Akarudi. Nilikuwa nyuma ya goli, hatua labda ishirini, na niliiona kaptura niliyomshonea mwenyewe kati ya mabomba yale mawili ya chuma. Ofisa aliuweka mpira, akauondoa, akafuta tope, akauweka tena. Umeme ukamulika, vidole viwili. Alirudi nyuma taratibu, akasimama, akafunga kamba ya njumu. Alijua anachofanya. Alikuwa mbali na chuma. Aliyekuwa katikati ya chuma ni mwenzake. Nilipiga kelele, "Afande, kwa jina la Mungu, piga basi!" Akanitazama, akatabasamu, na ndipo akaanza kuja mbio.

Sikusikia ngurumo. Niliona weupe tu, kisha nikaona mdogo wangu amelala kifudifudi nje ya mstari, kama mtu aliyetupwa kutoka kwenye lori. Mlingoti wa kushoto ulitoa moshi. Mpira ulikuwa ndani ya goli. Wachezaji wa timu zote mbili walikuwa chini, wengine wamejifunika vichwa, wengine wakitambaa kuelekea bondeni. Nilipomfikia, damu ilikuwa ikimtoka masikioni.

Ofisa naye alikuwa ameinuka. Alimwendea refa, aliyekuwa amepiga magoti, akamwinua kwa ukosi wa shati.

"Goli ni goli," akasema. "Andika."

Refa akaandika. Kambi ikashinda moja bila.

Mdogo wangu aliishi, namshukuru Mungu kwa hilo kila alfajiri. Lakini masikio hayakurudi. Mara ya kwanza aliponitazama nikisema naye, akaona midomo inatikisika na sauti haiji, alidhani namtania. Alinipiga bega akasema, "Acha, kaka. Sema sawasawa." Baada ya hapo aliongea kidogo kidogo, kisha akaacha kabisa. Kwenye malori hawakumtaka tena, kwa kuwa hasikii dereva akirudi nyuma. Akawa anakaa nami kibarazani, akitia uzi kwenye sindano na kushona vifungo.

Watu waliniambia nisubiri. Nilikuwa mtu wa subira, na bado ni mtu wa subira. Wengi hawajui kwamba subira inaweza kubeba kitu chochote utakachopakia juu yake. Niliswali swala zangu zote, nilifunga Ramadhani, na katika kila sijda nilimwomba Mungu ampige mtu yule kwa kitu kilekile. Maalimu aliponiuliza naomba nini kwa muda mrefu hivyo, nikamwambia naomba haki. Sikumdanganya.

Miezi ikapita, na siku moja gari la kambi likasimama mbele ya kibaraza. Ofisa akashuka. Mdogo wangu alikuwa ameinamia vifungo, hakusikia gari wala viatu, na ofisa hakumtambua. Aliyemtia uziwi hakumjua! Nakumbuka kwamba jambo hilo liliniuma kuliko yote.

"Fundi, nasikia wewe ndiyo namba moja hapa," akasema. "Mimi nataka jezi kumi na moja. Kuna mashindano, wakubwa nakuja kutoka Kampala."

"Kitambaa hakuna, afande. Maduka yote ni rafu tupu."

"Kwenda Busia. Nitakupa chiti, hakuna mtu atakugusa pale mpakani."

"Rangi gani?"

"Rangi ya kuonekana. Na ya mimi," akajipiga kifua, "ishike mwili. Sitaki gunia."

Hapo ndipo wazo lilipoingia, na liliingia zima, kama limekatwa na kushonwa tayari. Nikapima kifua chake kwa futi yangu.

Nilivuka mpaka kwa chiti yake. Upande wa Kenya palikuwa na mama mmoja muuza vitambaa, Mwislamu mwenzetu, aliyetuuzia mafundi wa Tororo tangu zamani. Aliposikia naulizia nyekundu aliweka mikono kiunoni.

"Nyekundu ya nini, fundi? Unashona godoro?"

"Jezi, dada."

"Jezi nyekundu, Tororo? Na hayo mawingu yenu yenye wazimu? Kwani unataka kuwazika watu?"

"Wateja ndio waliotaka."

"Wateja gani hao wamechoka kuishi?" Kisha akanitazama usoni, na kwa kuwa habari za mdogo wangu zilikuwa zimevuka mpaka kabla yangu, akaacha utani. Akashusha jora la pamba nyekundu, akalipima. Aliponifungia akasema polepole, "Mungu anaona, fundi."

"Ndiyo maana nachagua inayoonekana," nikajibu.

Fundi yeyote anajua kwamba pamba mpya hulowekwa kwanza, ikaanikwa, ndipo ikakatwa, kwa sababu ikipata maji hunywea na kubana. Kitambaa cha jezi kumi nilikiloweka usiku kucha kama inavyotakiwa. Cha jezi ya kumi na moja sikukiloweka. Jezi zile kumi nilizipiga bandi ubavuni na mabegani, mshono mrefu na mlegevu ambao fundi huutumia kushikiza nguo kabla ya kuishona, na ambao mvuto mmoja huufumua. Ya namba tisa niliishona mara mbili kwa uzi wa magunia. Ukosi niliufanya wa kubana, nikaufungia mgongoni kwa vifungo vitano, matundu yake madogo kiasi kwamba kifungo kiliingia kwa kusukumwa. Nilimwambia hiyo ndiyo mitindo ya Nairobi. Mdogo wangu ndiye aliyevishona vile vifungo. Alilipima kila tundu kwa kidole chake, kisha akaniangalia.

Siku mbili kabla ya mashindano alikuja kipa wa kambi, kijana wa Kipadhola ambaye wazazi wake walikuwa wakulima upande wa Nagongera. Alikuwa ameshika jezi yake kama mtu aliyeshika nyoka.

"Mzee, sisi ni watoto wa hapa," akasema. "Wewe najua mambo ya nyekundu. Kwa nini naua sisi?"

Nikamwambia aivae. Nikaishika ubavuni, nikavuta mara moja. Ikamfunguka mwilini kama ganda la ndizi. Akabaki mdomo wazi, kisha akacheka, akaziba mdomo kwa mkono.

"Zote namna hii?"

"Kumi."

"Na ya afande?"

"Ya afande nimeishona vizuri."

Kicheko kikamfutika usoni. Alitazama barabarani, akamtazama mdogo wangu aliyekuwa akitia uzi, akaitazama ile jezi. Nilimshonea tena bandi akiwa amesimama. Alipokuwa akiondoka alisema, "Mimi sijaona kitu. Lakini nitaambia wenzangu wavute."

Siku yenyewe wakubwa walikaa kwenye viti chini ya turubai. Ofisa alitoka na kifua chake ndani ya jezi nyekundu, na kusema kweli ilimkaa vizuri sana. Watu wa mji walipoona timu nzima imevaa nyekundu, walipigana viwiko. Wanawake wengine walijitenga mapema. Mimi na mdogo wangu tulikaa kwenye ukingo wa bonde.

Mvua ilitangulia radi siku hiyo. Ilinyesha kwa nguvu, na wachezaji waliendelea kwa sababu ya wakubwa. Nilikuwa namtazama namba tisa. Niliona anaanza kuvuta ukosi kwa kidole. Niliona mikono haiinuki vizuri, na pumzi inakuwa fupi. Kisha umeme ukamulika upande wa mwamba. Vidole vinne. Kipa wa kambi hakusubiri refa. Alivuta ubavu, nyekundu ikabaki mkononi, akaitupa, akakimbia kifua wazi. Wenzake wakavuta. Jezi kumi zilianguka kwenye tope karibu kwa wakati mmoja, na watu wazima kumi wakaja mbio kuelekea bondeni, huku wapinzani wao wakiwa mbele yao. Wakubwa walikuwa wameshaingia kwenye magari. Askari wenye bunduki, ambazo ni chuma, walizitupa wakaingia chini ya lori.

Ofisa alibaki katikati ya uwanja, mtu mmoja mwekundu. Nadhani mwanzoni hakuelewa. Aliwaita, akatukana, kisha akatazama nguo yake na kuzitazama zile za chini, na mtu fulani bondeni akapaza sauti, "Nyekundu, afande! Vua nyekundu!" Ndipo hofu ilipomshika. Aliivuta juu. Ilifika mabegani ikakwama. Akaivuta zaidi, ikamfunika kichwa, na mikono yote miwili ikabaki imenyooka juu ndani ya mikono ya jezi, haiendi mbele wala nyuma. Alizunguka hivyohivyo, kipofu, akimwita mama yake kwa lugha ya kwao. Watu walicheka. Nami nilicheka. Vidole vitatu.

"Fundi!" akaita kutoka ndani ya kitambaa. "Fundi yuko wapi? Kuja kata hii kitu!"

Mkasi ulikuwa mfukoni mwangu. Niliushika, nikausikia ulivyo baridi, nikauacha hapo.

Mdogo wangu akasimama. Hakuwa anasikia ngurumo, kwa hiyo katika mji mzima ni yeye peke yake ambaye radi haikumtisha. Mkono wangu ulikuwa juu ya shati lake. Ningeweza kumshika, maana nilijua tangu aliponyanyuka kwamba haendi kumwokoa mtu. Nikafungua vidole.

Alitembea mpaka katikati, akamshika ofisa kiunoni kwa upole, kama unavyomshika mzee kumvusha barabara. Sauti ilitufikia ndani ya mvua: "Asante, kijana. Asante. Nitakukumbuka." Mdogo wangu hakusikia. Alimwongoza hatua kwa hatua mpaka kwenye goli, kwenye mlingoti uleule wa kushoto, akamsogeza mpaka kifua kikagusa bomba, akaishusha ile mikono iliyofungwa ikalizunguka. Kisha akarudi kwa mwendo uleule akakaa karibu nami.

Ofisa aliligusa lile bomba kwa viganja, akatambua. Alilia kilio ambacho sijasikia tena kwa mtu mzima. Miguu ilikuwa imemkataa; hakuweza kuliacha wala kukimbia. Vidole viwili. Watu wakaacha kucheka. Mtu mmoja bondeni akasema, taratibu, "Kipa kwanza," na hakuna aliyemwitikia. Nilipaswa kusoma dua yangu. Midomo ilikuwa imeshafunguka kwa mazoea, nikaifunga. Sikutaka neno langu lolote limfikie Mungu likageuza mkono wake.

Radi haikumpiga. Ilipiga nyuma ya reli, kisha mbali zaidi, kisha ikahamia kwenye mwamba ikabaki huko. Askari walipotoka chini ya lori walimkuta amekaa kwenye matope, amelikumbatia bomba, amejikojolea, na ilibidi waikate jezi kwa kisu. Wakati huo mimi na mdogo wangu tulikuwa njiani kwenda Busia, kichwa cha cherehani kikiwa ndani ya gunia na ile chiti mfukoni, na pale mpakani, kama alivyosema mwenyewe, hakuna mtu aliyetugusa. Tulikaa upande wa pili kwa yule mama wa vitambaa mpaka Serikali ile ilipoondoka.

Kipa wa kambi alivuka siku moja kututafuta. Alisema wote kumi walishikilia neno moja, kwamba pamba ya siku hizi ni mbovu. Ofisa hakucheza tena. Wakiwa kwenye gwaride ngurumo ikalia, akajitupa chini mbele ya kikosi kizima, akafunika masikio. Baada ya hapo akahamishwa. "Masikio?" nikamuuliza. "Ndiyo, mzee. Masikio." Nilimpa chai na mkate, nikamwomba anisimulie tena tangu mwanzo.

Sasa mimi ni mzee, nina wajukuu, nina afya ya kuniwezesha kusujudu, na sina malalamiko juu ya maisha niliyopewa. Nimeomba msamaha kwa mengi. Niliomba msamaha kwa uongo niliowahi kuwaambia wateja, na kwa kumwachia mdogo wangu aende peke yake, kwa kuwa radi ingeweza kumpiga yeye tena. Kwa jezi ile sijaomba. Kila mara ninapofika kwenye jambo hilo ulimi huwa mzito, nami humwambia Mungu kwamba Yeye ndiye aliyeihamisha radi, basi na anihukumu kama atakavyo.

Mdogo wangu anaishi nami. Mawingu yakikusanyika, ngurumo huisikia kwa nyayo, ikipanda kutoka sakafuni. Mimi husoma dua. Yeye huningoja nimalize, kisha hunyoosha mikono yote miwili juu ya kichwa, anaizungusha hivi na hivi kama mtu aliyenaswa ndani ya nguo, na tunacheka mpaka watoto wanakuja kutazama kuna nini.